Joto la Kisima cha Uani

"Mimi silali juu ya jiko na watoto wangu," Mama Mapacha alisema, akifunga godoro kwa kamba. "Si wewe mwenyewe, jirani, uliyetamka kwamba chini ya uwanja huu kuna joto kali?"

"Nilisema vipimo vimenishangaza. Hilo la jiko umeliongeza wewe," Shangazi alijibu.

"Niongeze nini, na mtaa mzima unajua?"

Ulijua kweli, maana Mama Mapacha ndiye aliyeutangazia. Sindano, binti mwembamba aliyelelewa na Shangazi, alisimama kando ya pampu. Wale mapacha walikuwa rafiki zake wa kufa na kuzikana. Sasa walikuwa wakipakia sufuria kwenye mkokoteni.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa miamba. Alikuwa ameteremsha kipimajoto kwa waya ndani ya kisima kirefu cha uani, akisoma joto kila kiliposhuka kidogo. Kwa jinsi joto lilivyoongezeka, na jinsi mwamba unavyolipitisha, angekadiria joto linalotoka ardhini. Lakini maji yalipaswa kutulia kwanza. Ndiyo maana alimkabidhi Sindano ufunguo wa pampu na kumwonya isiguswe. Wangechota kwenye bomba la mtaa.

Foleni ya bombani ilikuwa ndefu. Sindano akawasha pampu, akajaza ndoo zake. Shangazi alipomuuliza, alikana.

Mkokoteni ulipoanza kusukumwa, machozi yalimtoka. "Shangazi, niliwasha pampu. Siku moja tu kabla hujapima."

Mama Mapacha aliachia kamba.

"Kumbe maji ya moto ya chini yalivutwa juu," Shangazi alisema taratibu. "Nimepima pampu, sikupima ardhi."

Kisima kikapumzishwa upya, ufunguo ukakaa kwa Mama Mapacha. Kila alfajiri Sindano alipanga foleni, akachotea nyumba zote mbili. Mapacha hawakumsemesha. Godoro lilibaki limefungwa.

Shangazi alipopima tena, maji ya juu yalikuwa yamepoa. Joto lilipanda polepole kuelekea chini, kama katika visima vingine alivyowahi kupima.

"Uvivu wa ndoo mbili ningeusamehe palepale," alimwambia Sindano. "Ila uliponidanganya, niliupeleka uongo wako kwa watu bila kujua, nao nusura wahame. Ukikosea, sema mapema, kabla wengine hawajalitegemea kosa lako."

Sindano aliinamisha kichwa. Mlangoni, Mama Mapacha alikuwa akilifungua godoro, bado amenuna.

"We Sindano, utasimama hapo kama nguzo ya antena mpaka lini? Wenzako wamekutengea sahani. Nawe jirani, hicho kipimajoto kiache nje. Ingieni mle."