Ufunguo Wenye Sabuni

Kila alasiri, shule ikitoka, Pini alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya sare ambako mama yake alishona kola. Alibadili shati, akanywa chai iliyobaki kwenye chupa, kisha akachukua sumaku yake iliyofungwa uzi na kuiburuta sakafuni kati ya mashine. Pini zote zilizodondoka ziliirukia. Ndiyo maana watu wa pale walimwita Pini, na jina la nyumbani likabaki nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Mwenye karakana aliitwa Bibi Mkasi. Vitambaa vyote alivikata mwenyewe. Alikuwa amemruhusu Mama Pini kukaa na mtoto wake pale mpaka saa ya kufunga, kwa sharti moja.

"Asiguse meza yangu ya kukatia, wala chochote kilicho karibu nayo," alisema. "Siku atakayogusa, mtamtafutia pengine pa kukaa."

Karibu na meza hiyo palikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari ulining'inia ufunguo wa kabati la vitambaa. Bibi Mkasi hakupenda kuuvaa shingoni akiwa kazini, maana akiinama ulinasa kitambaa.

Siku iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Saa kumi jioni mpiga pasi alipanda kigoda, akawasha televisheni, na watu wote wakatazama tamthilia ya wezi huku mikono ikiendelea na kazi. Wezi hao walikuwa na kiongozi asiyesema sana, mwanamke aliyejua kufungua kila mlango, na mnene mmoja aitwaye Kibonge. Kibonge alipiga chafya kila walipokaribia kukamatwa.

Jumamosi hiyo Kibonge alinasa ndani ya bomba la hewa la benki, miguu ikabaki inapigapiga nje.

"Haiwezekani!" alipaza sauti mtoto wa mpiga pasi, aliyesoma darasa moja na Pini. Neno hilo halikumtoka mdomoni hata likawa ndilo jina lake. "Bomba lile ni bati tupu. Lingeshaanguka naye."

"Ukitaka ukweli, ngoja taarifa ya habari," alisema baba yake. "Hapa tumekuja kucheka."

"Lakini baba, kuchekesha si ruhusa ya kudanganya."

"Mimi linanishangaza jingine," alisema Mama Pini bila kuinua macho kwenye kola. "Wanaiba tangu asubuhi mpaka jioni, na hakuna hata mmoja anayesema ana njaa."

Karakana nzima iliangua kicheko. Asiyecheka alikuwa mmoja tu: Dada Vifungo. Huyu alikuwa msichana mgeni, mwenye wiki tatu pale, na kazi yake ilikuwa kushona vifungo kwa mkono. Mwezi ukiisha salama, Bibi Mkasi alikuwa ameahidi kumpa mashine. Wenzake walitia alama kwenye kitambaa kwa chaki, lakini yeye alitumia kipande chembamba cha sabuni ya waridi, kwa sababu alama ya sabuni hutoka kwa maji na haiachi doa.

Kwenye televisheni, Kibonge alikuwa amechomolewa bomba. Akauchukua ufunguo wa mlinzi, akaukandamiza kwenye sabuni, akahesabu moja, mbili, tatu, akaurudisha. Dakika mbili baadaye walikuwa na ufunguo mpya mkononi.

"Haiwezekani!"

"Inawezekana!" Pini alijibu. "Umeona mwenyewe alama ilivyotoka vizuri."

"Sabuni laini labda. Kavu ingepasuka. Na mabaki yangejaa kwenye meno ya ufunguo, mlinzi akagundua siku hiyo hiyo."

"Huna hata haya, unabishana na televisheni."

"Na wewe unaiamini kama mwalimu wa hesabu," alisema Haiwezekani, na watu wakamcheka Pini.

Kicheko hicho kilimkaa moyoni. Jumatatu, Bibi Mkasi alipotoka nje kuzungumza na mteja, Pini alichukua kipande cha sabuni kwenye kopo la Dada Vifungo. Alijiambia atakirudisha sasa hivi. Akautungua ufunguo msumarini, akaukandamiza. Moja, mbili... Sabuni ikapasuka vipande viwili. Pini alifuta ufunguo kwa kitambaa kibovu, harakaharaka, akautundika. Vipande vya sabuni akavificha ndani ya mkebe wake wa vifaa vya hesabu.

Kesho yake alipofika, mashine zilikuwa kimya. Watu walikuwa wamesimama kuizunguka meza ya kukatia, na katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, ulilazwa ufunguo. Ndani ya meno yake mlikuwa na sabuni ya waridi.

"Umekwama kwenye kufuli asubuhi," Bibi Mkasi alisema polepole. "Nimeuchomoa sasa hivi kwa koleo. Kisha nikaona hii. Sasa nauliza: nani ameuchukua ufunguo wangu akaupiga chapa?"

Pini alilisogeza begi lake nyuma ya miguu.

Kabati lilikuwa limefunguliwa kwa shida. Majora ya vitambaa yalihesabiwa mara mbili, na yote yalikuwepo.

"Basi hakuna kilichoibwa," alisema Mama Pini.

"Hapo ndipo penye hatari!" mpiga pasi alidakia. "Wezi wenye akili hawaibi siku ya kwanza. Umesahau sehemu ya nne? Walikaa wiki mbili wakipanga tu."

"Na mwenzao mmoja aliajiriwa ndani," aliongeza mama wa ovaloki, aliyeshona kingo za nguo kwa mashine ya jina hilo karibu na dirisha. Alipokuwa akisema, aliuvuta mkoba wake kutoka mezani na kuuweka mapajani.

Macho yakaanza kusafiri. Yalimpitia huyu, yakampitia yule, kisha yakatua kwa Dada Vifungo na kubaki hapo.

"Humu ndani nani anatumia sabuni?" aliuliza mpiga pasi.

"Sabuni ni yangu," alisema Dada Vifungo. "Lakini ufunguo sijaugusa."

"Kiko wapi kipande chako?"

Alifungua kopo. Mlikuwa na sindano, uzi na vifungo. "Tangu jana sikioni," alisema.

"Hakionekani!" Mama wa ovaloki aliguna. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilishangaa tangu mwanzo. Mtu gani anatoka kwa mlango wa nyuma kila siku?"

"Kituo cha basi kiko upande huo, shangazi."

"Na Jumamosi Kibonge ananasa bombani, sote hoi kwa kicheko, yeye kimya! Mtu asiyemcheka Kibonge ana jambo lake."

"Sikuona sehemu za mwanzo," alisema Dada Vifungo. "Sijui nani ni nani. Nilidhani yule mnene ndiye polisi."

Siku nyingine jibu hilo lingewavunja mbavu. Siku hiyo lilionekana kama ujanja.

Haiwezekani alisogea hadi alipokuwa Pini. "Ni wewe?" alinong'ona.

"Mimi? Hebu niondokee."

"Kama ni wewe, sema."

"Nimesema si mimi!"

Pini alimtazama mama yake. Mama alikuwa ameinamia kola na kutia sindano mahali ambapo tayari palikuwa pameshonwa. Pini alilijua sharti la Bibi Mkasi neno kwa neno. Akisema, hatakuwa na mahali pa kukaa baada ya shule, na mama atalazimika kutafuta kazi nyingine. Asiposema, hakuna atakayejua kamwe. Vipande vya sabuni vilikuwa ndani ya mkebe, na mkebe ulikuwa ndani ya begi lake.

"Nenda nyumbani," Bibi Mkasi alimwambia Dada Vifungo. "Usije mpaka nitakapokuita."

Dada Vifungo hakubisha. Alifunga kopo lake, akachukua mkoba.

"Asitoke hivihivi," alisema mpiga pasi. "Tuone kwanza amebeba nini."

Dada Vifungo akaugeuza mkoba juu chini kwenye meza. Kilianguka kitana, nusu ya mkate ndani ya karatasi, soksi moja yenye kiraka, na daftari. Daftari lilifunguka lenyewe. Kurasa zake zilijaa michoro ya kola, kila moja na vipimo vyake, na juu ya ukurasa mmoja palikuwa pameandikwa: "Jinsi Mama Pini anavyogeuza ncha. Nijaribu nikipewa mashine."

Mpiga pasi alikuwa wa kwanza kutazama pembeni. Dada Vifungo aliokota soksi yake, akaikunja upande wenye kiraka ukaenda ndani.

"Ni mimi," alisema Pini.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi aseme tena. "Ni mimi niliyechukua ufunguo. Nilitaka kuona kama sabuni inafanya kazi kama kwenye tamthilia. Dada hajui chochote."

"Sikilizeni," alisema mpiga pasi. "Huyu katumwa kumkinga. Sehemu ya pili walimtuma mtoto..."

"Baba, acha sehemu ya pili!" alisema Haiwezekani. "Jumamosi tulibishana, mimi nikasema haiwezekani, watu wakamcheka. Wewe mwenyewe ulicheka."

Pini alifungua begi, akafungua mkebe, akaviweka vipande viwili vya sabuni ya waridi kando ya ufunguo. Bibi Mkasi alivaa miwani, akaviunganisha. Alama ya ufunguo ilikuwa imepasuka katikati, na meno mawili hayakuonekana kabisa.

"Kwa alama hii," alisema, "huwezi kufungua hata debe la unga."

Hakuna aliyecheka. Bibi Mkasi alikaa, akashusha pumzi. Kwa ncha ya sindano alichokonoa sabuni kwenye meno ya ufunguo mpaka chuma kikang'aa, kisha akainuka tena.

"Binti," alimwambia Dada Vifungo, "nilikushuku mbele ya watu, kwa hiyo mbele ya watu hawa hawa nasema nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusikia, mama." Dada Vifungo hakutabasamu. "Lakini mkoba wangu wote mmeuona mpaka soksi."

Bibi Mkasi alifikiri kidogo. Akaenda kwenye kiti chake, akaleta mkoba wake mweusi, ule ambao hakuna aliyewahi kuuona ukiwa wazi, akaumimina mezani. Zilianguka peremende nane, vipuli vilivyokatika, dawa ya kikohozi, na picha yake akiwa msichana, amevaa gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Gauni langu la kwanza," alisema. "Nililikata mwenyewe. Haya, cheka nawe."

Dada Vifungo aliitazama picha. Midomo yake ilijaribu kujizuia, ikashindwa. Mpiga pasi naye aligeuza mifuko yake nje bila kuambiwa, akatoa uzi, tiketi za zamani na kijiko ambacho mama wa ovaloki alikuwa akikitafuta kwa mwezi mzima.

"Kumbe mwizi tulikuwa naye!" alisema mama wa ovaloki, na mara hii kicheko kilikuwa cha wote. Kisha akamsogelea Dada Vifungo, akaurudisha mkate na kitana ndani ya mkoba kwa mikono yake mwenyewe. "Niwie radhi, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

Bibi Mkasi alimgeukia Pini. "Sharti ni sharti. Wiki mbili utakaa barazani na madaftari yako, mlango ukiwa wazi mama yako akuone. Jumamosi zote mbili hakuna televisheni. Baada ya hapo tutazungumza. Na wewe, binti," alimwambia Dada Vifungo, "kesho uje mapema. Sitangoja mwezi uishe. Mashine ya karibu na Mama Pini haina mtu."

Njiani kurudi nyumbani, Pini alitembea hatua moja nyuma ya mama yake mpaka wakafika kwenye kona ya duka la viatu. Pini alisubiri kukemewa.

"Umeogopa?" mama aliuliza.

"Sana. Nilidhani utafukuzwa kazi kwa ajili yangu."

"Hata mimi niliogopa hivyo hivyo. Nilikuwa nasikia wanayosema, najua hayana kichwa wala miguu, nikainama nikashona mahali palipokwisha kushonwa. Mtu mzima mimi." Mama alisimama. "Wewe ulikosa kwa kuchukua ufunguo, ukakosa tena kwa kuchukua sabuni ya mwenzako, na kwa kukana ulipoulizwa. Nami nilikosa kwa kunyamaza. Wahenga walisema umdhaniaye ndiye kumbe siye. Shaka si dhambi, mwanangu. Ukiwa nayo, muulize mtu kwa adabu, na umsikilize akijibu. Lakini ukijua ukweli ukaufungia moyoni, mwenzako ndiye anayelipia kimya chako."

"Dada Vifungo atanisamehe?"

"Hilo ni lake, tusimharakishe. Letu ni kwenda kumwomba. Kesho tutatoka mapema kabla ya shule, tumkute mlangoni. Mimi nitaanza kusema, kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Kisha utasema wewe."

Pini alitikisa kichwa kukubali. Alianza kuyapanga maneno yake palepale barabarani, akayasema kwa sauti mama ayasikie, na kila alipotia "lakini" ya kujitetea, mama alimwambia aanze upya.