Kijiko cha Kwanza

Ilianza na harufu ya rangi ya viatu. Hadidja alikuwa ameketi chumbani mwake na nguo nyeupe za eda, jua la adhuhuri likichoma mabati, akichambua mchele kwenye ungo, mara ikamjia puani: rangi nyeusi, mpya, kana kwamba kopo limefunguliwa sasa hivi. Akaacha mchele. Katika nyumba ile ya Mikelenge hakikuingia kiatu cha mwanamume tangu vita vya Shaba, maana marehemu mumewe, Tambwe, alirudi kutoka kule na kipande cha chuma kichwani, na miguu yake haikukubali tena kufungwa na kitu chochote.

"Safi," aliita. "Unasikia harufu ya siraji ya viatu?"

Wifi yake, mdogo wa Tambwe, aliyemwita yaya kama dada mkubwa na aliyekuwa akimpikia na kumwendea sokoni, akachungulia mlangoni. "Siraji gani, yaya? Miye nasikia tu sombe iko inaungua." Akakimbilia sufuria yake ya majani ya muhogo jikoni.

Hadidja alijua harufu ile inamhusu nani. Siku za kilio ua ulijaa watu, na kila aliyesimama kumkumbuka Tambwe alimkumbuka yule wa zamani: kaporali mwenye viatu vya kujitazamia uso, mpiga mluzi, kijana aliyempakia mchumba wake kwenye baiskeli kutoka Kailo, mvua ikinyesha, huku akiimba. Walisema vizuri, na walikula vizuri zaidi. Kuhusu yule Tambwe mwingine, aliyeishi miaka yote ile ndani ya chumba hiki akitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano gizani, hakuna aliyefungua mdomo. Walimwonea haya. Na Hadidja, kajifunika kitenge pembeni, hakuulizwa na mtu.

Siku ya pili ukaja mluzi, nyuma ya nyumba, mchana mtupu. Siku iliyofuata ikaja sauti, nyororo, isiyokwama popote. "Hadidja wangu," ilisema nje ya dirisha, "unakumbuka ile mvua ya Kailo?" Hadidja akajikunja mkekani, na aibu ikamshika juu ya hofu, kwa sababu moyo wake uliruka kwa furaha. Alikuwa ameiombea sauti ile kwa Mungu mpaka akachoka.

Safi alimleta Mwalimu Kalume, mzee aliyemsomea Tambwe tangu arudi vitani. Mwalimu akakaa nje ya pazia, kama inavyotakiwa kwa mwanamke aliye edani, akasoma, akafukiza ubani, kisha akazungumza kwa sauti ya chini sana.

"Huyu si bwana yako, mama. Huyu njo jini. Alikuwa hapa ku kilio, katikati ya watu, anasikiliza. Hana sura yake mwenyewe. Anavaa tu ile watu wanasema kwa sauti."

"Nifanye nini, Mwalimu? Nihame?"

"Iko namna gani ya kuhama na eda? Ukae, lakini usimujibu. Hata neno moja usimupatie. Siku utamupokea kama bwana yako, hautatoka tena mu hii nyumba, hata eda ikiisha."

Jumamosi ilikuwa salongo. Mtaa mzima ulitolewa kwenda kufyeka majani ya barabarani, na Safi naye akachukua jembe lake mbiombio, maana waliosimamia kazi hawakuwa watu wa kusikiliza udhuru. Mjane peke yake ndiye aliyeachwa. Akafunga mlango, akaweka mbele yake sahani ya wali na sombe.

Harufu ikaingia kwanza, nzito, ikaufunika hata ubani wa Mwalimu, kisha viatu, vya polepole, vyenye visigino, vikatoka uani, vikapita jikoni, vikaja mpaka nyuma ya pazia, na pazia lile, ambalo halikuwa na upepo wa kulisukuma, likajaa taratibu katikati kwa umbo la bega na kifua, na sauti ikasema karibu kabisa na uso wake, kwa upole, kama mtu anayebembeleza mtoto: "Nimepona, Hadidja wangu. Tuko wawili tu. Yule mugonjwa hakuwa miye. Musahau yule."

Angeyavumilia yote, lakini si hilo.

"Njo yeye bwana yangu!" alipiga kelele. "Weye unamujua wapi? Hakuweza hata kusema jina yangu, aliniita Dija! Alikuwa anagonga ukuta na vidole mbili kama neno inakataa kutoka. Alitembea miguu wazi, usiku na mchana. Firimbi ya treni ikilia, alinificha nyuma ya mugongo yake! Na chakula, kila siku, alikula kijiko ya kwanza ku sahani yangu, kusudi kama kuna sumu afe yeye. Kisha ananisukumia sahani, ananiambia: sumu hapana. Weye ulisha kunifanyia vile? Toka!"

Pazia likalegea. Harufu ikakatika. Hadidja akalia mpaka kifua kikauma, na hakika kilikuwa kilio kitamu, kwa sababu hatimaye Tambwe wake alikuwa amekumbukwa kwa sauti, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Safi aliporudi na matope miguuni alimkuta akitabasamu. "Ameenda," Hadidja alimwambia. Usiku ule walilala.

Kesho yake, adhuhuri, Safi akiwa uani anatwanga sombe, Hadidja alipakua chakula chake, akageuka kunawa mikono katika beseni. Nyuma yake akasikia nyayo tupu juu ya sementi. Kisha ukutani: ko, ko. Vidole viwili. Akageuka. Wali ulikuwa umechotwa upande mmoja, kijiko kimoja tu, na sahani, peke yake, ikawa inasogea juu ya mkeka kuelekea magotini pake.

"Di... Dija," ilisema sauti, ikihangaika, ikikwama, ikianza upya. "Ku... kula. Sumu... ha... hapana."

Alijua. Hilo lisemwe wazi, asije mtu akamdhania mjinga: alijua kabisa ni nani, na alijua amemvisha nguo hizo kwa mdomo wake mwenyewe. Mchi wa Safi ulikuwa ukisikika hapo hapo nje. Ukelele mmoja tu ungetosha. Lakini hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwita Dija. Akaivuta sahani, akala.

Siku eda ilipokwisha wanawake wa Mikelenge walikuja na maji ya kumwogesha na kitenge kipya cha kumtolea nje. Safi akabisha hodi. Akasukuma mlango kwa mkono, kisha kwa bega, na mlango usio na kufuli haukusukumika. Ndani kijiko kiligonga sahani.

"Yaya! Eda imeisha. Toka, watu wote wako hapa wanakungoja!"

Wakasikia vidole viwili ukutani. Halafu sauti ya Hadidja, tulivu, ya mke aliye nyumbani kwake.

"Mungoje kidogo," ilisema. "Bado anaonja."