Maji ya Moto Chini ya Sakafu

Sakafu ilikuwa ya baridi kuliko uwanja wa nje. Mwalimu Efrazia alivua kandambili, akakanyaga vigae, mguu ukaruka wenyewe. Miezi mitatu ya kuchimbwa uwanja, tope hadi jikoni, na fundi kila siku kesho, kesho! Mabomba yaliyozamishwa ardhini yalipaswa kupandisha joto la chini hadi chumbani kwa mama yake, Bibi Jenoveva, maana daktari alishasema kifua kile hakitavuka Julai nyingine ya Lushoto ndani ya nyumba ya baridi. Julai ndiyo hii. Na sasa nyumba ilinuka nywele zilizoungua.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Yusuph, fundi kutoka Tanga.

"Marahaba. Ingia ukaone aibu yako."

Yusuph alikagua mashine ya kuzungusha maji mabombani. Nzima. Akasoma kumbukumbu zake, uso ukambadilika. "Mashine iligeuzwa Jumamosi. Nani aliigeuza?"

Efrazia alipandwa na hasira, kwa kuwa ni yeye. Alichoka kungoja, akabonyeza kitufe cha kiangazi, kile kinachochota joto la nyumba na kulishusha ardhini, aone tu kama kitu kinafanya kazi. Maji ya moto yakashuka siku mbili nzima. Aliporudisha, baridi haikuondoka.

"Kwetu hata sufuria ya maji moto humwagi chini bila bismillahi, ili majini wa ardhini wapishe," Yusuph alinong'ona. "Wana watoto, mwalimu."

"Mimi Mkatoliki. Mambo ya pwani yaishie pwani."

Ndipo kilio cha mtoto kikasikika ndani ya bomba. Yusuph alizima umeme, lakini kilio hakikuzimika, kilihama, kikapita chini ya vigae vya sebuleni, kikashika ukumbi kuelekea chumbani kwa Bibi, na harufu ile ikikifuata, na Efrazia akikimbia pekupeku huku kigae kimoja baada ya kingine kikipata moto chini ya nyayo zake, joto lile lile alilolililia miezi mitatu, mpaka kitandani kwa mama yake kilio kikanyamaza.

Bibi Jenoveva alikuwa ametupa mablanketi. Amepakata hewa, anaibembeleza.

"Sina baridi tena, mwanangu," alisema kwa furaha. "Mama yake kaniachia nimlee. Ila ana homa, maskini. Kaungua mwili mzima."

"Mama, mweke chini!"

"Chini wapi? Si huko alikoungulia?"

Mkononi mwa Bibi malengelenge yalikuwa yanatokeza, matano, madogo madogo kama vidole vya mtoto.