Makovu ya Gari la Buluu

Begi la mgongoni ndilo lililowakutanisha. Mwenye begi hata hakujua. Alikuwa anapenya katikati ya watu, kama tunavyopenya sote kila Mei, Shizuoka inapofungua ukumbi wake wa maonyesho na nusu ya Japani ikaja kutazama vigari, vindege na vimeli vya plastiki. Begi likagonga kona ya meza, gari jeupe likateleza, na mwanamke aliyesimama mbele akatandaza sketi yake ya kitani ya kijani. Gari likatua salama.

"Samahani! Samahani sana!" Nyuma ya meza, mwanamume mrefu mwenye shati jeusi lililopigwa pasi kali aliinama mara tatu. "Halijaumia? Na wewe je, hujaumia?"

"Umeanza kuulizia gari," mwanamke akasema. "Nimeshajua wewe ni mtu wa namna gani."

Hakulirudisha. Aliligeuza juu chini, akalisogeza jichoni. Huyu alikuwa Kanae Mochizuki, umri miaka thelathini na minne, mkaguzi wa kiwanda. Fremu za plastiki zinapotoka mashineni, vipande vikiwa vimeshikana kama majani kwenye tawi, yeye ndiye husema hiki kipite, hiki kikayeyushwe tena.

"Ni vile vya kubana tu, bila gundi," akasema. "Si vya watoto hivi?"

"Vya watoto, na vya watu wazima waoga. Gari la umeme halina bomba la moshi, mbele halina wavu wa hewa. Ni uso mtupu. Ukikosea, huna pa kuficha."

"Na hukukosea. Kila kipande umekikata mara mbili, kwanza mbali, kisha karibu. Makovu yote yamelalia kulia. Una mkono mtulivu, Bwana...?"

"Katsumata. Yasunori Katsumata. Mimi ni kinyozi."

"Ndiyo maana!"

Laiti angelisifia kitu kingine. Chini ya meza, kidole gumba cha mkono wa kulia wa Yasunori kilikuwa kinatikisika chenyewe. Kilianza Januari. Baba yake, aliyemwachia duka la kinyozi, alianza vivyo hivyo: kidole, kisha mkono, kisha akawa mtu wa kulishwa. Aliyemlisha ni Yasunori. Kwa hiyo alikijua alichokiogopa kwa sura na kwa jina, na kwa sababu hiyo hiyo hakukanyaga hospitali. Mwanamume anashika wembe kooni mwa watu miaka kumi na tano, mbele ya daktari anageuka kuku!

"Nirudishie basi, Bi Mochizuki," akasema, baada ya kusoma jina kwenye beji yake.

"Nikishakunywa chai. Nilipie, nami nitakurudishia."

Alimlipia chai. Wiki iliyofuata wakala oden, mishikaki iliyochemshwa kwenye mchuzi mweusi, kwenye kibanda ambacho viti vyake vinne havitoshi watu wawili wanene. Kufikia Juni yale ya kuitana Bwana na Bi yalikuwa yameanguka njiani, wamebaki Kanae na Yasu. Jumapili jioni, duka likifungwa, walipanda chumba cha juu wakakaa kwenye meza moja, kila mtu na gari lake. Siku za katikati walipigiana simu.

"Unafanya nini?"

"Nakuwaza."

"Mwongo! Nasikia msasa."

"Nakuwaza huku nasugua. Mpenzi, mtu ana mikono miwili."

Meza ile ilikuwa na historia. Yasunori aliwahi kuoa, na mkewe, Fumie, naye alikuwa mtu wa vigari. "Alikuwa wa mkono wa kushoto," Yasunori alimwambia siku moja, akicheka. "Tuligongana viwiko miaka sita, mwisho tukagongana na roho." Kanae akacheka pia, lakini neno hilo akaliweka akiba. Mchumba wake wa kwanza alimkimbia wiki tatu kabla ya harusi, na dalili zote zilikuwepo, ni yeye tu hakuzisoma. Tangu hapo Kanae husoma kila kitu.

Agosti simu zikapungua. "Leo nimechoka, Kanae." "Jumapili hii siwezi." Mlangoni mwa duka pakabandikwa tangazo kwamba kunyoa kwa wembe kumesitishwa kwa muda, wazee wa mtaa wakanung'unika. Yasunori akawa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na kwa kuwa hapa kwetu ndivyo adabu inavyotaka, nani angeshtuka? Kanae alishtuka kwa jambo jingine. Jumatatu, siku ambayo vinyozi hufunga, yeye akiwa kazini, Yasunori hakupokea simu hata mara moja.

Septemba, siku ya kuzaliwa kwa Kanae, Yasunori alimletea gari. La buluu, la milango minne, lililofungwa kwenye kitambaa cha maua ya yungiyungi. Kanae alilibusu paa.

"Unabusu plastiki na mimi niko hapa?"

"Subiri zamu yako."

Nyumbani aliliweka chini ya lenzi yake ya kazi, kwa mapenzi tu, alitazame kwa karibu. Akaligeuza. Makovu ya kukatia yote yalikuwa yamelalia kushoto. Wino wa mistari ya milango ulianzia upande usio wa kawaida. Aliyelikata gari hili alishika plaizi kwa mkono wa kushoto. Pale pale Kanae akaliona kosa lote la Yasunori: Jumatatu, simu zisizopokewa, uchovu. Akapiga simu kabla hajakaa.

"Nani anakaa mezani kwako Jumatatu?"

"Hakuna mtu."

"Yasu, mimi hulipwa kwa kusoma makovu. Gari hili limekatwa na mtu wa kushoto. Fumie amerudi?"

Yasunori alikuwa amekaa juu ya kitanda, mkono wa kulia ameukalia ili utulie. Haukutulia. Ukweli ulikuwa mfupi: tangu Julai, kila Jumatatu, alikuwa anaufundisha mkono wa kushoto kazi, kwa sababu wa kulia ulikuwa unamtoroka. Angalisema hivyo tu. Lakini alimwona baba yake, kijiko, wali umemwagika kifuani, na aliyeshika kijiko safari hii alikuwa Kanae. Akaona heri Kanae aondoke na hasira kuliko abaki na huruma.

"Ndiyo," akasema. "Amerudi."

Kisha Kanae akasema, kwa sauti ya mtu anayekagua mzigo, "Asante kwa kunijibu," akakata.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yasunori alikuwa ameyaficha hata kwa mtu ambaye angemshikia mkono, kisha akakaa akilia kama yeye ndiye aliyeachwa.

Miezi miwili ikapita. Kanae alikonda, lakini gari hakulitupa. Hakujua kwa nini, na alijichukia kwa hilo. Kisha mwezi wa Novemba, kiwandani, msimamizi akamletea trei ya vipande vilivyokatwa na wafanyakazi wapya waliokuwa wanajifunza. Kumi vya kwanza vilikuwa vimetafunwa tafunwa. Vya katikati nafuu. Vya mwisho safi. Kanae alikaa akivitazama mpaka msimamizi akamwuliza kama anaumwa.

Bampa. Bampa la gari la buluu lilikuwa na kovu baya, ila paa lilikuwa safi kabisa. Fumie alikuwa amekata kwa kushoto tangu utotoni. Asingetafuna plastiki namna ile. Mkono ule ulikuwa unajifunza.

Alifika nyumbani na viatu vyake akavivulia katikati ya sebule. Kilichojengwa kwanza ni viti, na viti vilikuwa ndani. Gari la kubana hufungwa na vijino vinavyoingia kwenye vitundu, na Yasunori siku zote hukata ncha za vijino hivyo ili gari liweze kufunguliwa tena. Kanae alivuta. Halikufunguka. Safari hii vijino vilikuwa vizima. Aliyelijenga hakutaka lifunguke kamwe. Kulifungua ni kulivunja.

Akalivunja. Lilipasuka kwa mlio mkavu, paa likaruka chini ya kabati. Ndani, viti vinne vilikuwa vimetafunwa kama vimepita kinywani mwa mbwa, na ubavuni mwa kiti cha dereva palikuwa na doa la kahawia, damu iliyokauka.

Ndipo vyote vikajisoma. Wembe uliositishwa. Kikombe cha mikono miwili. Baba aliyelishwa, ambaye Yasunori alimtaja mara moja tu na kubadilisha mazungumzo. Hofu ya kuachwa aliyokuwa amelala nayo miezi miwili ilimtoka, na ikaingia nyingine, kubwa zaidi, iliyomfanya akae sakafuni. Alitamani ingekuwa kweli ni Fumie.

Jumanne asubuhi mvua ilinyesha. Kengele ya mlango wa duka ikalia.

"Karibu sa—" Yasunori akaishia hapo.

Kanae alikuwa na koti la mvua rangi ya haradali, nywele kazifunga juu. Mzee mmoja alikuwa kwenye benchi na gazeti lake. Kanae akampita, akaketi kwenye kiti cha kunyolea, akashusha kola.

"Ninyoe shingo."

"Hatunyoi siku hizi. Tangazo liko mlangoni."

"Nimelisoma. Ninyoe, kama wanavyonyolewa maharusi."

Gazeti likaacha kugeuzwa. Mwanamke kuja kwa kinyozi kunyolewa shingo kuna sababu moja inayojulikana na mtaa mzima: anakaribia kuvaa nguo nyeupe, na poda inataka ngozi isiyo na malaika, vile vinyweleo laini.

"Unaolewa?" Yasunori akauliza.

"Inategemea kinyozi."

Alimtazama kupitia kioo. Yasunori akafungua droo, akatoa wembe kwa mkono wa kulia, ukatikisika hadi ukagonga beseni. Akauhamishia kushoto. Akapaka povu. Akasogea. Wembe ukasimama vidole viwili kutoka kwenye ngozi, na Kanae akauona kwenye kioo, nao unacheza. Hakusogea. Akajiuliza kama mtu anaweza kufa kwa ukaidi wake mwenyewe.

"Siwezi," Yasunori akasema, akashusha mkono.

"Kwa nini?"

"Kanae, tafadhali."

"Fumie hakurudi."

"Hakurudi."

"Basi kwa nini? Sema."

Yasunori aliuweka wembe kwenye beseni.

"Mkono wangu unatetemeka," akasema. "Nadhani ni ule ugonjwa wa baba. Naogopa, Kanae. Naogopa sana."

Mzee alikunja gazeti, akainama, akatoka kwenye mvua bila mwavuli wake.

Kanae akatoa kitu mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha Yasunori. Kiti cha dereva.

"Hiki kilikuchukua muda gani?"

"Jumatatu tatu."

"Na damu?"

"Nilikosa plastiki, nikapata kidole."

Kanae akaanza kulia, kwa hasira, povu likimtiririka mgongoni. "Umenipa mwanamke mwingine niumie naye miezi miwili! Mpumbavu wewe!"

"Nilidhani hasira hupona upesi kuliko huruma."

"Nani kakwambia nina huruma? Nikuhurumie wewe, uliyenivunjisha gari langu? Alhamisi saa tatu nimekuandikisha hospitali. Usipokuja nitakuja kukuchukua na koti hili hili, majirani wote waone."

Alikuja. Daktari alimwambia afungue na kufumba vidole, atembee ukumbini na kurudi, aandike jina lake mara tano. Herufi zilizidi kuwa ndogo mstari kwa mstari, na Kanae, msomaji wa alama, alilijua jibu kabla daktari hajavua miwani. Ni ule wa baba. Umegunduliwa mapema, dawa zipo, miaka mingi ipo. Lakini ni ule.

Nje, kwenye viti vya plastiki, Yasunori alisema, "Uko huru, Kanae. Nasema kwa moyo mmoja."

"Naogopa, Yasu. Sitakudanganya. Naogopa kijiko, naogopa siku utakayoniita na sauti isitoke."

"Basi nenda."

"Kuogopa nimesema. Kwenda sijasema."

Akaushika mkono wa kulia, ule wenyewe, akauweka mapajani mwake, ukaendelea kutikisika hapo. Walikaa hivyo mpaka mhudumu akaja kuwauliza kama wanasubiri mtu.

Walioana Aprili. Asubuhi ya harusi Kanae alinyolewa shingo na Bi Ogino wa mtaa wa pili, kinyozi wa miaka sabini ambaye wembe wake hausikiki. Bwana harusi hakutakiwa kuwepo, lakini alikuwepo, kasimama nyuma na kimono chake cheusi, kashika kioo cha mkono ili Kanae aione shingo yake. Alikishika kwa mikono miwili. Kioo kilitikisika, na shingo nyeupe ya Kanae ikatikisika ndani yake.

"Huoni kitu," Yasunori akasema. "Ngoja nimpe mtu mwingine akishike."

"Shikilia hapo hapo. Naona vizuri."

"Kanae..."

"Nimesema naona."

"Bibi harusi asiongee," Bi Ogino akawakatiza, "bado sijamaliza nyuma ya sikio." Kanae akanyamaza na kuinamisha kichwa, na Yasunori akaendelea kushika kioo.