Maji Aliyoyaona Meupe

Kichwa cha marehemu kilikuwa kimelala juu ya meza ya ukaguzi, kikombe cha bati kimeanguka miguuni pake. Kiwandani walimwita Kipanga, kwa ukali wa macho. Yeye na Mzee Kioo, aliyemfundisha kazi, ndio waliokagua dawa ya macho kabla haijauzwa.

Inspekta aliyaona maboksi ya dawa yamepangwa ukutani, moyo ukamlipuka. Asubuhi hiyo mwanawe aliamka macho mekundu, naye alimwachia bibi wa mtoto chupa ya dawa hiyohiyo.

"Sumu imo kikombeni," mkemia wa polisi alisema. "Ila chupa ya maji aliyoyamimina haina sumu."

Mlangoni konstebo alikuwa amemshika wifi wa marehemu, mtoto mgongoni analia.

"Maji ya marehemu kayafungasha huyu, afande. Nimpeleke mahabusu?"

"Na mtoto atanyonya kwa nani, kwako?" wifi akamjibu. "Nilimjazia wifi yangu maji ya kuchemsha, meupe, nikaishia getini. Sijawahi kuingia humu!"

"Subiri," Inspekta alisema. "Mzee, dawa mnaikaguaje?"

Mzee Kioo alikohoa. "Unaijaza kwenye kijibomba cha kioo, unasimama dirishani. Rangi, unaweka karatasi nyeupe chini, unachungulia kutoka juu. Ukungu, unaweka kitambaa cheusi nyuma. Taa ya umeme inadanganya."

Inspekta akajaza kijibomba kwa maji ya ile chupa, akachungulia. Manjano. Hafifu, kama chai iliyosuuziwa kikombe, lakini manjano.

"Unaona nini, Mzee?"

"Meupe, afande. Kama ya mvua."

"Konstebo?"

"Manjano, afande."

"Mama mtoto?"

Wifi alisogea. "Haya siyo maji yangu!"

Mkemia aliyapima tena. Hayakuwa maji. Ilikuwa dawa mbovu, ileile iliyokuwa kwenye mtungi mezani, ambayo Kipanga aliikataa asubuhi na hakuwahi kuibandika karatasi ya kukataliwa. Mtungi wa pili, kando yake, ulikuwa na maji safi.

Basi kuna mtu alimwaga maji yenye sumu akajaza chupa upya, akidhani amechota maji. Nani humu ndani hajui manjano na meupe?

Inspekta alipanga vijibomba vitatu dirishani, viwili vya maji, kimoja cha dawa hiyo mbovu. "Nionyeshe dawa, Mzee."

Mkono wa mzee ulinyooka. Ukagusa cha kwanza. Ukarudi. Ukagusa cha tatu.

"Hayo ni maji, Mzee. Una mtoto wa jicho. Tangu lini?"

Mzee alifuta macho kwa kiganja.

"Tangu lini!"

"Tangu mvua zilizopita." Aliketi chini kama gunia. "Binti aligundua. Akaniambia, baba, jiseme mwenyewe kwa meneja, usiposema nitasema mimi. Jicho ndilo jembe langu, afande. Nilimwekea sumu kwenye chupa. Alipoanguka nikaimwaga, nikajaza maji mengine. Nilijua watasema ni moyo uliosimama. Kikombe... kikombe kilibingirika chini ya meza, sikukiona."

"Alikuita baba," wifi alisema. "Na wewe ukamnywesha."

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu kifo chenyewe alikipeleka kwa mtoto wa watu.

Pingu zilipofungwa, Inspekta aliuliza la mwisho. "Na dawa ulizopitisha wewe peke yako?"

"Zote niliziona safi."

Inspekta alikimbilia kwenye ngazi, simu sikioni.

"Mama! Umeshamtia mtoto dawa?"

"Anapiga mateke kama punda. Nangoja asinzie nimtie."

"Usimtie! Shika chupa dirishani, weka kitambaa cheusi nyuma. Unaona nini?"

Hatua za kandambili. Pazia likavutwa. Chupa ikagonga kioo cha dirisha.

"Mwanangu," mama yake alisema polepole, "humu ndani mna kama moshi."

Inspekta aliketi kwenye ngazi, akawa anausikiliza ukaidi wa mwanawe anayelia kule nyumbani, asitake anyamaze.