Tumbo la Mashua

Mume wangu huvusha watu mtoni, kwenda upande wa pili kwenye kiwanda cha magunia. Watu wanamwita Kasia, na jina lake halisi wengi wamelisahau. Kila alfajiri alikuwa akinywa uji amesimama. Alisema akikaa tu, hatainuka.

Zamani alivuka kwa dakika kumi na tano. Mwaka huu safari ilifika nusu saa. Abiria walichelewa kazini, msimamizi akawafokea, na mmoja mmoja wakaanza kuhamia mashua nyingine. Nilimkanda mabega kwa maji ya moto mpaka mikono yangu nayo ikachoka. Nesi alimpima, akasema moyo ni mzima, ila apumzike. Apumzike wapi?

Asubuhi moja aliweka kikombe chini. "Mama watoto," alisema, "nguvu zimeniishia. Tuiuze mashua."

Nilikiokota kile kikombe, nikakisuuza. Mtu aliyezoea mto tangu ujana ataenda kufanya nini?

Tulimwita fundi wa mashua, rafiki yangu wa mtaa wa nyuma, aje kuikagua. Kasia aliona aibu kukiri kuwa ameshindwa, lakini mashua yenyewe ilikuwa inang'aa. Kila baada ya miezi michache aliipaka rangi ya buluu na mstari mweupe. Alipaka sehemu ya juu tu. Hakuwa ameitoa majini kwa miaka mitatu, kwa kuogopa mbao zisikauke na kupasuka. Ubavuni alining'iniza matairi makuukuu ili isigonge gati, na nusu ya kila tairi ilizama majini.

Fundi hakuitazama hata hiyo rangi. Alitia mkono chini ya mashua mpaka kwapani, akautoa umejaa majani ya kijani na konokono wadogo.

"Shemeji," alisema, "uso umeupaka poda, tumbo hujaliosha."

Akaniomba karai la maji, sahani na taulo. Alimpa Kasia sahani aipitishe majini kwa ukingo wake. Ikapita bila shida. Fundi akaizungushia taulo, akamwambia aipitishe tena. Ikawa nzito.

"Huo ni msuguano," alieleza. "Maji hupita yakigusa mbao. Mbao zikiwa laini, yanateleza. Zikiwa na majani na konokono, yanang'ang'ania."

Kisha akaitoa taulo, akamwambia aisukume sahani kwa upana. Maji yakamwagika hadi miguuni kwangu.

"Hayo ndiyo matairi yako. Kitu kipana kinayasukuma maji, nayo yanakirudisha nyuma. Na ukiongeza kasi mara mbili, ukinzani, yaani nguvu ya maji ya kukurudisha nyuma, unakuwa kama mara nne. Ulipoona unachelewa, ulifanyaje?"

"Nilikaza kasia," alijibu polepole.

"Basi ndiyo maana umekwisha."

Abiria waliobaki walisaidia kuivuta nchi kavu. Tuliiweka kivulini, na kila tulipopumzika tukaifunika magunia mabichi ili mbao zisipasuke. Tulikwangua siku mbili, migongo ikituuma. Uchafu ulijaa mikokoteni miwili. Kasia alisimama akiutazama.

"Kumbe nimekuwa nikivusha bustani," alisema.

Tukalainisha mbao kwa msasa na kupaka chini rangi ya kuzuia majani. Fundi alisisitiza tukwangue kila baada ya miezi mitatu, na maji yanayoingia ndani yachotwe kila mara, kwa sababu mashua nzito huzama zaidi na kuguswa na maji mengi zaidi. Matairi sasa yana kamba za kuyapandisha. Yanateremshwa gatini tu.

Safari ya kwanza ilichukua dakika kumi na nane. Zile tatu zilizozidi, Kasia anasema, ni za umri. Abiria waliohama wamesharudi, ingawa wanajifanya hawakuondoka kamwe.

Bado anarudi amechoka, na mimi pia. Lakini neno la kuuza mashua halijasikika tena humu ndani. Na alfajiri hii alivuta kigoda, akanywa uji wake amekaa, akamaliza, akainuka.