Majibu Mawili ya Mama

Kabla hakujapambazuka, beseni liligusa sakafu taratibu. Noela alisikia akiwa kitandani, akajua mama yake ameinama tena, anarudisha ugali wa jana. Aliamka kuwasha jiko kama kila siku. Leo walikuwa wanatoka Kishapu kurudi kwa daktari, Shinyanga mjini.

Tangu mavuno ya pamba, chakula kilikuwa kikimkwama Mama kifuani. Nguo zote zilimpwaya. Kwa kuwa hakujua kusoma, karatasi za vipimo alizitunza Noela wa darasa la sita. Ya kipimo cha kamera ilisema umio, yaani njia ya chakula, uko wazi. Ya picha, aliyopigwa baada ya kunywa dawa nyeupe, ilisema dawa ilisimama juu ya tumbo, haikushuka. Noela alimkumbuka jirani yao aliyepelekwa Mwanza kupasuliwa, asirudi. Hiyo ya pili akaificha ndani ya daftari la hisabati.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mama Noela, picha mlipiga?" aliuliza Daktari Agapiti.

"Tulipiga," Mama alijibu, akamgeukia binti yake. "Mayu, iko wapi?"

"Hawajatoa," Noela alijibu, akitazama viatu vyake.

"Basi, kamera haijaona kitu. Nawaandikia dawa ya kiungulia, tuonane baada ya miezi mitatu."

Miezi mitatu ya beseni. Noela alifungua begi.

"Ni hii hapa, daktari. Nilidanganya. Naogopa watampasua."

"Na mimi nimekuamini na karatasi zangu," Mama alisema polepole.

Daktari aliziweka karatasi pamoja.

"Ipi ni ya uongo?" Noela aliuliza.

"Hakuna. Kamera inatafuta kidonda au uvimbe. Picha inaonyesha chakula kinavyoshuka. Njia inaweza kuwa safi, ila misuli ya mlango wake wa chini isilegee. Kuna kipimo cha tatu cha nguvu ya misuli hiyo. Majibu yakipingana, binti, hatuchagui lile linalotufurahisha. Tunayaleta yote, tunatafuta zaidi."

Akawaandikia barua ya kwenda Mwanza, na huko kipimo hicho kilikuta mlango umekaza. Madaktari wakaupanua kwa mpira mdogo unaojazwa hewa, bila kisu.

Jioni waliyorudi, Mama alikata tonge, akameza, akasubiri. Likashuka. Akala la pili, kisha akamsogezea Noela bahasha ya majibu ya Mwanza.

"Nisomee. Yote."

Noela alisoma kwa sauti hadi mstari wa mwisho, ambao hakuupenda.

"Inasema chakula kinaweza kukukwama tena, Mama."